Kuishi Leo Bila Kuitupa Kesho: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kesho inaweza kushughulikiwa kwa namna mbili. Unaweza kuifanyia kazi: unaweka akiba, unasomea mtihani, unapeleka maombi ya kazi, unakwenda kupima afya. Au unaweza kuingoja: unakaa pembeni ya maisha yako mwenyewe, ukiamini yataanza rasmi siku mambo yakikaa sawa. Kazi ya kesho hufanywa leo, ina mwisho, na ikiisha unainuka ukaendelea na mengine. Kungoja hakuna mahali pa kuishia. Mwongozo huu ni wa kukutoa kwenye kungoja bila kukuharibia kazi.

Natanguliza tofauti hiyo kwa sababu ushauri wa "ishi sasa" mara nyingi hutolewa na watu ambao kesho yao imekwisha kulipiwa. Ukimwambia mtu anayedaiwa kodi ya nyumba asahau kesho, umemtukana. Wahenga hawakuwa wepesi hivyo. Waliosema subira yavuta heri ndio hao hao walioonya kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na hawakuona haja ya kufuta mojawapo. Kazi yako ni kutambua ni jambo lipi linaloomba subira na ni lipi unaloliahirisha tu.

Unahitaji daftari, kalamu, robo saa leo, na baada ya hapo kama nusu saa kila siku kwa mwezi mmoja hivi. Hakuna programu ya kupakua.

Kwanza, kwa nini kungoja kunatuteka

Ubongo huchangamkia dalili ya kitu kuliko kitu chenyewe. Mwanasayansi wa neva Wolfram Schultz alipima seli za dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu na raha, katika ubongo wa kima waliokuwa wakipewa matone ya juisi. Mwanzoni seli zile zilichangamka juisi ilipofika. Kima walipokwisha kujifunza kwamba ishara fulani hutangulia juisi, seli zikawa zinachangamka ishara inapotokea, na juisi yenyewe inafika bila kishindo. Binadamu ana mambo mengi kuliko kima, lakini aliyewahi kuiota safari kwa miezi, kisha akafika na kujikuta anawaza siku ya kurudi, hatashangazwa na matokeo hayo.

Je, tukifika kule tunakokungoja? Mwaka 1978 wanasaikolojia Philip Brickman, Dan Coates na Ronnie Janoff-Bulman walichapisha matokeo ya kuwahoji watu 22 walioshinda bahati nasibu huko Illinois, Marekani, wakiwalinganisha na wakazi wa maeneo yale yale ambao hawakushinda. Washindi hawakuonekana kuwa na furaha iliyowazidi wenzao, na mambo madogo ya siku, kama kuzungumza na rafiki au kusikia kichekesho, yaliwapa raha pungufu kuliko yalivyowapa wengine. Kundi lile lilikuwa dogo. Utafiti mkubwa zaidi kutoka Uswidi, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba washindi wa fedha nyingi huendelea kuridhika zaidi na maisha yao kwa miaka mingi, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba fedha hazisaidii. Ila hata huko, badiliko katika furaha na afya ya akili lilikuwa dogo kuliko badiliko katika kuridhika. Uwezo wa kuionja siku ya kawaida hauji umefungashwa pamoja na hundi.

Jambo la tatu ndilo lililonishawishi kuliko yote. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha katika jarida la Science utafiti wa watu wazima 2,250 walioulizwa kupitia simu zao, kwa nyakati za kushtukiza: sasa hivi unafanya nini, unawaza nini, unajisikiaje? Katika asilimia 46.9 ya majibu, mawazo ya mtu hayakuwa kwenye kile alichokuwa akikifanya, na kwa jumla watu walikuwa na furaha pungufu mawazo yao yakiwa mbali. Tungetarajia angalau ndoto nzuri zimpandishe mtu. Haikuwa hivyo: waliokuwa wakiwaza mambo ya kupendeza hawakuwa na furaha zaidi ya wale ambao akili zao zilikuwa kwenye shughuli iliyo mbele yao.

Hatua ya 1: Andika unachokingoja

Gawa ukurasa safu mbili. Kushoto orodhesha kila unachokingoja: kazi ya kudumu, kumaliza nyumba, kuolewa au kuoa, watoto wakue, deni liishe, kustaafu, kuhama, kupona. Usichague maneno wala usijipe daraja. Kulia, mkabala na kila kimoja, andika ulichokiahirisha kwa ajili yake. Hapa usiandike "furaha" au "amani". Andika kitendo ambacho mtu mwingine angeweza kukuona ukikifanya. Nitapumzika siku moja kwa wiki. Nitamtembelea dada. Nitarudi kwenye mazoezi. Nitajifunza kupiga gitaa. Nitawaalika watu nyumbani.

Sasa pitia safu ya kulia na kwa kila mstari uulize: hiki kinazuiwa kweli na kile cha kushoto? Weka alama ya X kwa vinavyozuiwa kweli, nusu duara kwa vinavyozuiwa kwa sehemu, na duara kamili kwa visivyozuiwa kabisa.

Usikimbie hapa, maana sehemu kubwa ya faida ya mwongozo huu imo kwenye alama hizo. Kujenga nyumba kunazuiwa na fedha; hiyo ni X na haina aibu. Lakini kumwita rafiki mkae jioni hakuzuiwi na kukosa sebule. Kuacha kazi unayoichukia kunaweza kuzuiwa na madeni; kula mchana bila kufungua barua pepe hakuzuiwi na kitu. Watu wengi hukuta maduara ni mengi kuliko walivyodhani, na swali linalofuata linauma kidogo: kama hakuna kilichonizuia, kwa nini sikufanya?

Mara nyingi jibu ni hofu iliyovaa nguo za mpango. Mtu anasema ataanza kuandika akipata chumba chake cha kazi. Chumba hakina kosa lolote. Ila siku akianza atagundua kama anaweza au hawezi, na muda wote chumba kinapokosekana ugunduzi huo umeahirishwa. Mwingine anasema atamwomba kaka yake msamaha watakapokutana ana kwa ana, wakati namba ya kaka imo kwenye simu. Ukikuta mstari wa namna hii, uandikie pembeni neno moja tu: hofu. Huhitaji kuitatua leo. Kuitaja kwa jina lake kunatosha kuiondoa kwenye orodha ya vikwazo vya nje.

Kisha kuna mstari mmoja ambao karibu kila mtu anao: "mambo yakitulia". Uulize utajuaje kwamba yametulia. Ukipata jibu lenye tarehe au kiasi ("nikimaliza awamu ya mwisho ya mkopo, mwezi wa sita"), uache. Usipopata, ufute kabisa, na vyote vilivyokuwa mkabala nao vipe duara kamili.

Hatua ya 2: Kata kipande cha leo

Chagua duara moja kamili. Moja tu. Lipunguze mpaka lienee kabla hujalala leo: dada hutamtembelea leo, lakini unaweza kumpigia simu na kukubaliana siku. Kisha chagua nusu duara moja na ukate sehemu isiyozuiwa. Aliyeahirisha gitaa hadi apate la kwake anaweza kuazima, au kuanza na mazoezi ya kusikia na kuhesabu mapigo.

Kipande hicho kipe mahali na saa. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha katika tafiti nyingi kwamba nia iliyofungwa kwenye tukio maalumu hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu. "Nikishavua viatu nikitoka kazini, nitampigia dada" ina nguvu kuliko "nitampigia dada wiki hii", kwa sababu viatu vitakukumbusha na wiki haitakukumbusha.

Hapa kuna mtego. Ukishaanza kuona picha ya wewe mpya, utajisikia vizuri sana, na hisia hiyo inaweza kula nguvu za kazi yenyewe. Gabriele Oettingen na Thomas Wadden, mwaka 1991, walifuatilia wanawake waliokuwa katika programu ya kupunguza uzito. Waliotarajia kufaulu walipungua zaidi. Lakini waliojichorea picha tamu za ushindi, wakijiona tayari wembamba na wakisifiwa, walipungua kidogo kuliko wenzao. Matarajio na ndoto ni vitu viwili. Kwa hiyo ukijikuta umekaa dakika kumi ukitazama filamu yako mwenyewe ya baadaye, simama na ufanye kile kipande. Usiache mbachao kwa msala upitao: mkeka mkuukuu ulionao ndio unaokukalisha sasa.

Hatua ya 3: Ipe kesho miadi

Wengi wakisikia "ishi wakati uliopo" hujaribu kufukuza mawazo ya kesho kwa nguvu, na mawazo hurudi na wenzake. Kesho ni kama mgeni aliyekuja na shida ya kweli: ukimfungia mlango atagonga usiku kucha, lakini ukimwambia "njoo saa kumi na moja jioni, nitakusikiliza", huondoka.

Mbinu hii si yangu. Mwanasaikolojia Thomas Borkovec na wenzake waliielezea mwaka 1983 kwa ajili ya watu wenye wasiwasi sugu, nayo bado inafundishwa na wataalamu wa tiba ya mazungumzo. Ifanye hivi.

Chagua saa moja na mahali pamoja, kila siku pale pale. Pasiwe kitandani wala kwenye kiti unachopumzikia, na isiwe karibu na saa ya kulala. Borkovec alipendekeza nusu saa. Ukianza na robo saa si dhambi.

Mchana wazo la kesho likija, liandike kwa mstari mmoja ("ada ya muhula ujao", "yale maumivu ya mgongo") na ujiambie: saa kumi na moja. Kisha rudi kwenye ulichokuwa unakifanya. Litakuja tena. Usiliandike mara ya pili, liambie tu saa.

Saa ikifika, kaa na orodha. Jambo la kwanza utakaloliona ni kwamba mengine yamekwisha kufa yenyewe, yafute. Kwa yaliyobaki, tenga yenye kitendo na yasiyo na kitendo. Yenye kitendo, andika hatua inayofuata, siku na saa: "Jumatatu saa tatu asubuhi, nampigia mhasibu wa shule nimuulize kama ada inalipwa kwa awamu." Yasiyo na kitendo, kama vile iwapo bosi mpya atakupenda, yape dakika zake za kuhangaikiwa kwa makusudi, kwa moyo wote, mpaka muda uishe. Inachekesha kidogo kuketi na kuhangaika kwa ratiba, na ndiyo maana inasaidia: wasiwasi unaoruhusiwa huchosha upesi.

Je, kuandika mpango kunatuliza kweli? E. J. Masicampo na Roy Baumeister walichapisha mwaka 2011 majaribio yaliyoonyesha kwamba lengo lisilokamilika huingilia kazi nyingine kichwani, lakini mtu akiliwekea mpango mahususi, usumbufu huo hupungua sana hata kabla hajafanya chochote. Akili haikudai umalize leo. Ilidai uhakika kwamba hutasahau.

Mbinu hiyo ina dada yake wa usiku. Mwaka 2018 Michael Scullin wa Chuo Kikuu cha Baylor na wenzake waliwalaza maabara vijana 57. Nusu waliandika kwa dakika tano mambo ya kufanya siku zinazofuata, nusu waliandika waliyokwisha kuyafanya. Walioandika ya mbele walisinzia mapema zaidi, kwa wastani wa kama dakika tisa, na kadiri orodha ilivyokuwa na maelezo mahususi ndivyo usingizi ulivyowahi. Kwa hiyo daftari likae karibu na kitanda. Ndani yake andika kazi. Wasiwasi ulishapewa saa yake.

Hatua ya 4: Rudi mwilini

Akili inaweza kuwa mwaka ujao au mwaka jana. Mwili hauwezi. Ndiyo maana karibu mafunzo yote ya utulivu huanzia kwenye pumzi, miguu, au sauti zilizoko chumbani. Jon Kabat-Zinn alipochukua mazoezi ya Kibudha ya umakini na kuyapeleka mwaka 1979 katika Chuo cha Udaktari cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, wengi wa wagonjwa wake wa mwanzo walikuwa watu wenye maumivu sugu ambao matibabu ya kawaida hayakuwa yamewasaidia vya kutosha. Hakuwaahidi kuponyoka maumivu. Aliwafundisha kwa wiki kadhaa kukaa na kile kilichopo, hata kama kilichopo kinauma.

Huhitaji kukunja miguu wala kutenga chumba. Chagua kazi moja unayoifanya kila siku bila kufikiri: kupiga mswaki, kuoga, kuosha vyombo, kutembea hadi kituo cha basi. Kwa wiki nzima, kazi hiyo ifanye ukiwa ndani yake. Unapoosha vyombo, sikia joto la maji, uzito wa sufuria, tofauti ya sahani yenye mafuta na iliyotakata, sauti ya vijiko vikigongana. Usijiambie kwamba ni vizuri au vibaya. Kabla hujamaliza sahani ya tatu utakuwa umeondoka: unajibu hoja ya mkutano wa keshokutwa, au unagombana na mtu ambaye hayupo. Ukigundua, rudi kwenye maji.

Hapo ndipo watu hukata tamaa wakisema "mimi siwezi, akili yangu haitulii". Lakini kuondoka na kurudi ndilo zoezi lenyewe. Akili iliyoondoka mara ishirini na kurudi mara ishirini imefanya mazoezi ishirini. Asiyeondoka kabisa pengine amesinzia.

Kwa nyakati za presha, kabla ya usaili au katikati ya foleni, tumia pumzi. Moyo huongeza kasi kidogo mtu anapovuta hewa na hupunguza anapoitoa. Kwa hiyo refusha kutoa: vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita, polepole, kwa dakika mbili au tatu. Ukihisi kizunguzungu unavuta kwa nguvu mno, legeza. Wako pia watu, hasa waliopitia mambo ya kutisha, ambao kufumba macho na kusikiliza mwili huwaamshia hofu. Kama ni wewe, acha macho wazi, tazama kitu kimoja chumbani na utaje kimoyomoyo rangi na umbo lake, au ruka hatua hii mpaka uwe na mtaalamu wa kukuongoza.

Hatua ya 5: Jambo moja kwa wakati

Hii ni fupi kwa sababu kila mtu anaijua na karibu hakuna anayeifanya. Ukihama kazi kabla ya kumaliza, sehemu ya akili hubaki kwenye ile ya kwanza. Mtafiti Sophie Leroy aliichunguza hali hiyo katika makala yake ya mwaka 2009. Dawa yake ni ndogo: kabla ya kuhama, andika mstari mmoja wa ulipoishia na utakapoanzia ukirudi. Simu iweke chumba kingine. Zima arifa zote isipokuwa za watu wanaoweza kukuhitaji kwa dharura, na watu hao, ukiwahesabu kwa haki, si wengi.

Hatua ya 6: Watu walioko mbele yako

Mtu anapozungumza nawe, angalia kama unamsikiliza au unaandaa jibu. Kuandaa jibu ni aina ya kungoja: unangoja anyamaze. Jaribu mazungumzo moja kwa siku ambamo huanzi kutafuta la kusema mpaka yeye amalize. Patakuwa na ukimya wa sekunde moja au mbili kabla hujajibu. Hakuna atakayelalamika.

Watoto ndio wanaolipa gharama kubwa ya kungoja kwetu, kwa kuwa tunawaambia "baadaye" kwa kweli kabisa, tukidhani watakuwa watoto wale wale hiyo baadaye ikifika. Mtoto wa miaka minne anayetaka umtazame akiruka anataka utazame sasa, mara sita. Tazama mara mbili ukiwa pale kweli. Zinashinda mara sita za jicho moja kwenye simu.

Na picha. Mwanasaikolojia Linda Henkel alitembeza watu kwenye jumba la makumbusho, akawaambia vitu vingine wavipige picha na vingine wavitazame tu. Katika makala yake ya mwaka 2014 aliripoti kwamba vile vilivyopigwa picha vilikumbukwa kidogo kuliko vilivyotazamwa. Lakini waliosogeza kamera kwenye sehemu moja ya kitu hawakupoteza kumbukumbu hiyo, labda kwa sababu walilazimika kuangalia. Kwenye sherehe piga picha moja uliyoichagua, kisha weka simu mfukoni.

Hatua ya 7: Unapongoja kweli

Kuna kungoja usikoweza kukukwepa: majibu ya maabara, matokeo ya mtihani, uamuzi wa mahakama, viza. Safu ya kulia yote ni X na wewe huna la kufanya. Hapa ushauri wa "usiwaze" hauna maana.

Kate Sweeny wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, amefanya kazi kubwa ya kuchunguza hali hii. Miongoni mwa watu aliowafuatilia ni wahitimu wa sheria wa California, waliokuwa wakingoja kwa miezi kama minne matokeo ya mtihani wa kuruhusiwa kufanya kazi ya uwakili. Mbinu nyingi walizotumia kujituliza hazikupunguza dhiki. Katika kazi zake za baadaye, mambo mawili yalionekana kusaidia: mazoezi ya umakini kama yale ya Hatua ya 4, na shughuli zinazommeza mtu, yaani ngumu kiasi, zenye lengo la wazi, na zinazokuonyesha papo hapo kama unaendelea vizuri. Kushona, kucheza muziki, bustani, useremala, mchezo wa mpira, kuandika programu za kompyuta. Kukaa tu ukitazama skrini hakumo, maana hakudai chochote kutoka kwako na kunaacha nafasi kubwa ya kuhangaika.

Kwa hiyo unapoingia kwenye kungoja kwa lazima, panga shughuli ya namna hiyo tangu siku ya kwanza, kabla hujachoka. Amua pia mara ngapi utaangalia kama matokeo yametoka. Mara moja kwa siku, saa maalumu, inatosha. Tovuti haiharakishwi na kufunguliwa.

Leo linapouma

Hakuna hatua hapo juu inayokudai uifurahie leo. Anayefiwa, anayeuguza, anayeishi na mtu anayempiga, hana sababu ya kuambiwa aionje siku yake. Kuwa katika wakati uliopo kunaweza kumaanisha kukubali kwamba hapa pabaya na kuanza kutafuta mlango, na mara nyingine tumaini la kesho ndilo linalomshikilia mtu mpaka aufikie. Tumaini hilo usimnyang'anye mtu, wala usijinyang'anye.

Tofautisha pia kuahirisha maisha na ugonjwa. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, huzuni haikuachi au hakuna chochote kinachokupa raha, hata vile ulivyovipenda, usingizi na hamu ya kula vimebadilika na huna nguvu, hiyo inaweza kuwa sonona, na inatibika. Daftari halitatosha, nenda ukaonane na mhudumu wa afya. Kama mawazo ya kujiua yameingia, mwambie mtu leo hii na utafute msaada wa haraka.

Uanzie wapi

Hatua zote saba kwa mpigo ni nyingi mno, na anayezianza zote Jumatatu kwa kawaida amezitupa zote kufikia Ijumaa. Hatua ya 1 ifanye leo kwa sababu haichukui zaidi ya robo saa. Baada ya hapo chagua kwa shida uliyonayo. Anayekosa usingizi aende moja kwa moja Hatua ya 3 na orodha yake ya usiku. Anayelalamikiwa nyumbani kwamba hayupo hata akiwepo, Hatua ya 5 na ya 6. Mwenye majibu anayoyangoja, Hatua ya 7, na pumzi za Hatua ya 4 kwa siku yenyewe.

Kaa na hatua uliyoichagua wiki mbili kabla ya kuongeza nyingine. Ukiruka siku, endelea inayofuata bila kulipa deni la jana. Kila mwisho wa mwezi fungua ukurasa wa safu mbili, futa maduara uliyoyamaliza, na uangalie kama kuna X iliyogeuka nusu duara bila wewe kugundua: deni limepungua, mtoto ameanza shule, goti limepona kiasi. Nusu duara hiyo ndiyo kazi yako ya mwezi unaofuata.